Kiraka cha jelikoti kimegeuka kijani: namna ya kuoanisha rangi kwenye boti ya faiba

*“Assalam aleikum, fundi. Nina boti ya faiba ya mita 7 ninayopelekea wageni Mnemba kutoka Nungwi. Iliundwa Dar es Salaam, ina umri wa miaka tisa, na rangi yake ni nyeupe iliyoelekea malai. Mwezi uliopita nanga ilirushwa vibaya ikabandua ubavu wa omo, yaani mbele ya boti, juu ya mstari wa maji, pahali penye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nilinunua jelikoti nyeupe, nikaongeza manjano na tone la nyeusi hadi ikafanana kabisa na boti nikiitazama ndani ya kopo. Siku ya pili kiraka kilikuwa bado kinanata, na kilipokauka kikawa cha kijani-kijani. Mchana kinaonekana kidogo tu, lakini jioni chini ya taa za hoteli kinaonekana kama doa. Jirani mmoja ananiambia niende kwa wapaka rangi wa magari wakaisome rangi kwa kompyuta. Mwingine anasema niongeze hadina, ile dawa ya kuigandisha jelikoti. Nifanye nini, na je, inawezekana kweli kuipata rangi ile ile?”*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza swali moja, lakini kwenye kiraka chako yamekutana makosa manne tofauti, na ndiyo maana kila jirani anayekushauri ameliona moja na kuyaacha mengine. Uliioanisha rangi na ngozi ya boti ambayo si rangi yake halisi, ukachagua manjano isiyofaa, ukaamini kopo badala ya sampuli iliyokwisha kuganda, na ukaiacha hewa iguse jelikoti wakati inaganda. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonyesha kwamba mkono wako ni mbaya. Kuhusu swali lako la mwisho nakujibu mapema ili usije ukajitesa: inawezekana kupata kiraka ambacho mtu aliyesimama hatua mbili hatakiona, mchana wala jioni. Kiraka ambacho hakitaonekana hata ukikisogelea kwa pua, na ambacho kitabaki hivyo miaka mitano, hakuna fundi mkweli atakayekuahidi, na baadaye nitaeleza sababu.

Tuanze na jelikoti yenyewe, kwa sababu wengi huichukulia kama rangi ya kupaka. Boti ya faiba huundwa kutoka nje kwenda ndani. Kalibu husuguliwa na kupakwa nta, kisha jelikoti hupuliziwa humo kwanza, unene wa nusu milimita au zaidi kidogo, na inapoanza kushika ndipo mikeka ya nyuzi za kioo hulazwa juu yake kwa rezini, ile plastiki ya majimaji inayoganda. Boti ikitolewa kwenye kalibu, ile tabaka ya kwanza ndiyo inayokuwa ngozi ya nje. Ni plastiki ya poliesta yenye rangi ndani yake, na rangi hiyo imeenea katika unene wote, ndiyo maana unaweza kuipiga msasa na kuing'arisha tena. Ukitaka kuweka kiraka, unajaza plastiki ya namna ile ile mahali pa ile iliyobanduka, na macho ya watu yatalinganisha plastiki ya leo na plastiki iliyopigwa na jua la Nungwi kwa miaka tisa.

Jua hilo limefanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na yanavuta pande tofauti. Kwanza, miale ya urujuanimno imeila rezini ya juu kabisa na kuziacha chembe za rangi bila kitu cha kuzishika. Pitisha kiganja kwenye ubavu wa boti ambayo haijang'arishwa siku nyingi, utaona unga mweupe mkononi. Unga huo hutawanya mwanga na kuifanya boti ionekane nyeupe na hafifu kuliko ilivyo. Pili, chini ya unga huo rezini yenyewe imegeuka manjano kidogo. Kwa hiyo boti yako ina rangi tatu: ile ya unga, ile ya ngozi iliyozeeka iliyo chini ya unga, na ile ya mwanzo ambayo bado utaikuta ndani ya kabati la omo au chini ya kitako cha chuma cha kufungia kamba. Ukioanisha na ya kwanza, siku utakayoing'arisha boti kiraka kitajitokeza. Ukioanisha na ya tatu, yaani ukanunua jelikoti ile ile iliyotumiwa na waunda boti, kiraka kitakuwa cheupe kupita kiasi kuanzia siku ya kwanza. Tunachokitaka ni ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kopo lolote, safisha eneo la karibu sentimita 30 kuzunguka jeraha, hasa upande ule ule wa boti, kwa sababu ubavu unaotazama jua unapokuwa umefunga nanga hauzeeki sawa na mwenzake. Osha kwa sabuni na maji baridi, kausha, kisha sugua kwa kompaundi ya kung'arishia mpaka unga uishe na mng'ao urudi, halafu futa mafuta yote ya kompaundi kwa kitambaa safi chenye asitoni kidogo. Rangi unayoiona hapo ndiyo utakayoifuata. Nimeshaona mara nyingi mtu akihangaika siku nzima na matone ya rangi, kumbe tofauti aliyokuwa akiipigania ilikuwa ya mng'ao tu: uso uliofifia na uso unaong'aa, hata vikiwa vya rangi moja, jicho huvisoma kama rangi mbili.

Wakati unafuta kwa asitoni, tazama kitambaa. Jelikoti haiyeyuki kwa kufutwa hivyo. Kikitoka na rangi, au uso ukawa laini na kunata, basi boti yako imewahi kupakwa rangi ya kawaida juu ya jelikoti, na maelezo yangu ya kuchanganya hayatakufaa kwa sehemu hiyo. Rangi za poliyurethani zenye hadina zake haziyeyuki kirahisi, hivyo chunguza pia ukingo wa jeraha: ukiona utando mwembamba kama karatasi juu ya tabaka nene ya rangi nyingine, boti ilipakwa. Kwa boti ya biashara ya miaka tisa hilo ni jambo la kawaida.

Sasa tuje kwenye kijani, ambacho ndicho kilichokuumiza zaidi. Nyeusi inayouzwa kwa kuchanganyia jelikoti kwa kawaida ni ya kaboni, na ukiitia kidogo kwenye nyeupe haitoi kijivu kilichotulia. Hutoa kijivu chenye ubuluu ndani yake. Manjano uliyoongeza, kama ilikuwa ile kali inayofanana na ganda la limau, nayo tayari imeelekea upande wa kijani. Buluu iliyojificha na manjano ya limau vikikutana, ulichokipata hakiepukiki. Weupe wa boti iliyozeeka haujengwi kwa manjano ya limau. Hujengwa kwa manjano ya oksidi ya chuma, ile iliyopooza kama haradali au udongo wa njano, ambayo pia ina sifa ya kuvumilia jua kuliko manjano nyingi kali. Unaitia kwanza hiyo kwenye nyeupe mpaka ukaribie joto la rangi ya boti, kisha unaushusha mwangaza kwa nyeusi kidogo sana, na ubuluu au ukijani ukianza kuchungulia unaurudisha kwa chembe ya nyekundu ya oksidi, yaani ile inayofanana na matofali. Nikisema chembe namaanisha kile kinachobaki kwenye ncha ya kijiti cha meno baada ya kukifuta. Kila rangi unayoiongeza kurekebisha nyingine inapunguza uangavu wa mchanganyiko; ukishafika kwenye rekebisho la nne au la tano na bado hujapata, mwaga na uanze upya badala ya kuendelea kufukuzana nayo.

Nyeusi ina nguvu ya kutisha, na tone moja katika kopo dogo linaweza kuharibu kila kitu. Dawa yake ni kuipunguza nguvu kabla ya kuitumia: chukua gramu 1 ya nyeusi uichanganye na gramu 49 za jelikoti nyeupe, upate kijivu kimoja cha kuchanganyia. Kila gramu ya kijivu hicho ina gramu 0.02 tu za nyeusi, kipimo ambacho usingeweza kukishika kwa mkono. Fanya vivyo hivyo kwa nyekundu. Tafuta mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, inayosoma gramu 0.01, na uandike kila unachoongeza kwenye daftari. Wengi huona hili ni usumbufu, lakini utakapopata rangi iliyokaa saa kumi jioni na kesho ukahitaji kuirudia, daftari ndilo litakalokuokoa.

Hakikisha pia rangi za kuchanganyia ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya poliesta. Rangi za kuchanganyia za mafuta na zile za nyumba zina vimiminika vyake vinavyozuia jelikoti isigande vizuri. Hata zile sahihi zina mpaka. Zikipita takriban asilimia 10 ya uzito wa mchanganyiko, jelikoti hudhoofika. Kwa weupe kama wako hutakaribia hapo. Hapa ndipo ninapomjibu jirani yako wa kwanza: mashine ya wapaka rangi wa magari inasoma rangi vizuri, na sina neno baya juu yake, ila fomula inayoitoa imeandikwa kwa rangi za msingi za magari, ambazo nguvu na vimiminika vyake ni vingine. Inaweza kukuambia umesimama wapi, kwa mfano kwamba weupe wako uko karibu na namba fulani ya RAL, ule mfumo wa Kijerumani wa namba za rangi ulioanzishwa 1927. Nyeupe peke yake humo zina namba kadhaa, 9001 iliyo malai, 9003, 9010, 9016, na kujua uko karibu na ipi kunasaidia kuchagua jelikoti ya kuanzia. Kutoka hapo kazi inabaki ya jicho. Picha ya simu usiitumie kabisa, kwa sababu simu hurekebisha weupe yenyewe kila unapoielekeza pengine.

Kopo lilikudanganya kwa sababu nyingine. Ndani yake ulikuwa unatazama jelikoti yenye kina cha sentimita kadhaa, mbichi, inayong'aa kwa umajimaji. Kwenye boti inakuwa nusu milimita, na katika unene huo jelikoti nyingi bado hupitisha mwanga kidogo, hivyo kilicho chini yake kinachangia rangi. Kama uliijaza juu ya faiba yenye ukijani wake wa asili, kama rezini ilivyo mara nyingi, sehemu ya kijani unachokiona inatoka chini. Aidha, kuganda kwenyewe huihamisha rangi kidogo, wakati mwingine ikawa nzito zaidi, wakati mwingine ikaelekea manjano, kwa kuwa hadina inapokutana na kobalti, kichocheo cha kuganda kilichomo kwenye jelikoti, hubadilisha rangi ya kobalti hiyo, na mpangilio mzima wa plastiki hubadilika. Kwa sababu hiyo mimi hulinganisha kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ya mbichi: paka tone kwenye sehemu uliyoing'arisha, pembeni kabisa mwa jeraha, libonyeze kwa kipande cha plastiki angavu liwe bapa, utazame mpaka wake na boti. Mpaka ukitoweka karibu wote, unafuta, kisha unakwenda hatua ya pili: gramu chache zenye hadina, zikiwa na unene ule ule wa kiraka, juu ya kipande cha faiba chenye rangi kama ya chini ya jeraha lako. Zikiganda, zipige msasa na kuzing'arisha kama utakavyokifanyia kiraka, uziegemeze kwenye boti. Sampuli hiyo iliyoganda, iliyosuguliwa na kung'arishwa, ndiyo pekee inayosema kweli, na wanaoiruka ndio wanaorudia kazi.

Sampuli hiyo itazame katika mwanga zaidi ya mmoja. Rangi mbili zilizojengwa kwa viungo tofauti zinaweza kurudisha mwanga wa jua kwa namna moja na bado zikatofautiana chini ya taa, kwa sababu taa haina mchanganyiko ule ule wa mwanga kama jua. Ina wingi wa rangi fulani na upungufu wa nyingine. Ndiyo sababu doa lako hujitokeza jioni hotelini. Kadiri viungo vyako vinavyokaribia vile vilivyotumika kwenye boti, yaani nyeupe ya titaniamu, manjano ya oksidi na nyeusi ya kaboni, ndivyo tatizo hili linavyopungua; kadiri unavyookoteza rangi za ajabu kurekebisha, ndivyo linavyoongezeka. Fanya uamuzi wa kwanza kwenye kivuli cha wazi, majira ya saa tatu asubuhi, kisha utoe nje kwenye jua, kisha usubiri jioni uitazame chini ya zile zile taa za hoteli, maana hapo ndipo wageni wako wanapoiona. Jihadhari na turubai la buluu na kivuli cha mwembe: vyote viwili hutia rangi yake juu ya kila kitu kilicho chini, na nimeona boti nzima ikichanganyiwa rangi chini ya turubai, ikatoka na weupe uliopotoka bila mtu yeyote kuelewa kwa nini.

Kuhusu kunata, jirani yako wa pili amekosea, na ushauri wake una hatari. Jelikoti haikauki kwa kupoteza thina kama rangi ya ukuta. Inaganda kwa mmenyuko wa kemikali, na oksijeni ya hewani huukatiza mmenyuko huo kwenye uso wa juu kabisa. Ndani ya kalibu uso huo hauguswi na hewa. Kwenye kiraka chako uliguswa, ukabaki unanata. Tiba ni kuizuia hewa: ama utie ile nta inayouzwa kwa kazi hiyo ikiwa imeyeyushwa kwenye stairini, kimiminika kilichomo pia ndani ya jelikoti, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa yake, ambayo hupanda juu na kufunika uso wakati wa kuganda, ama ufunike kiraka kwa plastiki laini angavu isiyo na makunyanzi. Kwa kiraka kidogo kama chako mimi hupendelea plastiki. Ubavu laini wa chupa ya maji, ukikatwa na kunyooshwa, unatosha, na jelikoti haiushiki. Ujaribu kwanza kwenye sampuli. Ukitumia nta, kumbuka kwamba tabaka ya pili haitashika juu ya ya kwanza mpaka uipige msasa.

Hadina, ile ya peroksidi inayoandikwa MEKP kwenye chupa, ina kiwango chake. Kwa jelikoti nyingi ni asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito, na katika joto la pwani watu wengi hukaa karibu na asilimia 1.5 au chini yake kidogo, bila kushuka chini ya kiwango cha chini cha mtengenezaji. Ikipungua, jelikoti haiivi na itageuka unga mapema. Ikizidi, inaganda kwa kukurupuka, inakuwa ya kukatika na kugeuka manjano. Kwa hiyo hata hadina ni sehemu ya rangi, na sampuli na kiraka lazima vipewe kiasi kile kile. Hesabu ya kazi yako ni hii: jeraha la sentimita 4 kwa 6, unene wa milimita 0.6, linahitaji chini ya sentimita za ujazo 1.5, yaani kama gramu 2 tu za jelikoti. Lakini usichanganye gramu 2, kwa sababu hadina yake ingekuwa gramu 0.03 na hutaweza kuipima. Changanya gramu 30 kwa gramu 0.45 za hadina, utupe kinachobaki. Ubavu ukiwa wa moto kiasi kwamba kiganja hakivumilii, usianze. Fanya kazi asubuhi, kivulini, siku isiyo na mvua. Usitie thina wala asitoni ili kuilainisha.

Hapa naomba unisikilize kama kaka. Hadina hii ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani ya kinga, glavu, na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, kwa sababu mvuke wa stairini nao si wa kuvutwa siku nzima. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 au zaidi papo hapo, kisha hospitali bila kusubiri uone kama itapoa. Usiimimine hadina pamoja na kobalti moja kwa moja, kwa kuwa hulipuka, na usiichanganye na asitoni. Chupa yake ikae kivulini, mbali na petroli na mbali na watoto.

Kiraka cha kijani kitoe chote. Ukipaka juu yake utazidisha unene na kijani kitachungulia. Ukifika kwenye faiba, safisha, na ukingo wa jeraha uulegeze kwa msasa wa namba 80 au 120 uwe mteremko, usiwe ukuta. Umbo la jeraha liache lilivyo, la mviringo usio sawa; mtu akilifanya mraba kwa tepu, jicho hulikuta mara moja kwa sababu hakuna mraba mwingine kwenye ubavu wa boti. Kama kuna shimo, lijaze kwa puti nyeupe ya poliesta, ubakize nafasi ya jelikoti isiyopungua nusu milimita. Puti ya epoksi ikwepe hapa, maana epoksi ambayo haijaiva sawasawa huizuia jelikoti isigande. Jaza jelikoti ipite usawa kidogo, funika, na uiache. Ikishaganda, tepu ya karatasi ilinde pembeni wakati unakata kilichozidi kwa msasa uliozungushiwa kibao kigumu, kisha uondoe tepu na uendelee kwa maji, namba 400, 600, 800, 1000 na 1500, halafu kompaundi. Kama unaweza kuvumilia, iache siku mbili tatu kabla ya msasa wa mwisho; jelikoti huendelea kusinyaa kidogo, na ukiharakisha ukingo utarudi kuonekana kama kovu.

Sasa sababu ya kutokuahidi milele. Kiraka kipya kitaanza kuzeeka leo, wakati ngozi iliyokizunguka imekwisha kuzeeka miaka tisa, na hazitakwenda kwa mwendo mmoja. Baada ya misimu kadhaa tofauti ndogo inaweza kurudi. Nta ya boti mara mbili kwa mwaka juu ya ubavu mzima hupunguza mwendo huo kwa zote mbili. Kama hilo linakusumbua, zipo njia nyingine za heshima. Unaweza kupitisha ukanda wa stika au jina la boti juu ya mahali hapo, na kwa jeraha la omo mara nyingi ndiyo njia nafuu kuliko zote. Unaweza kupuliza jelikoti sehemu kubwa zaidi hadi kwenye mpaka wa asili, kwa mfano mstari wa rangi au kona ya ubavu, kwa kuwa jicho hulinganisha vibaya rangi zilizotengwa na mstari. Unaweza pia kupaka ubavu wote rangi ya poliyurethani, jambo linalogharimu na linalohitaji mahali pasipo na vumbi, lakini kwa boti yenye mikwaruzo mingi ndilo ningechagua mwenyewe. Kwa jeraha moja la kiganja cha mtoto, sioni sababu ya kufika huko.

Kabla ya yote hayo, gonga kuzunguka jeraha kwa mpini wa bisibisi. Faiba nzima hutoa mlio mkavu na mkali. Iliyoachana ndani hutoa mlio mzito kama wa boksi tupu. Nanga inayorushwa na mkono wa mtu mzima inaweza kuvunja mikeka bila kuonyesha zaidi ya kibanduko nje, kwa hiyo ingia pia ndani ya omo na tochi utafute weupe kama wa barafu kwenye rezini au nyuzi zilizochomoza. Ukiona mojawapo, au mlio mzito ukienea kupita ukubwa wa jeraha, au nyufa ndogo zinatawanyika kama miguu ya buibui, acha habari ya rangi na umwite fundi wa faiba aione boti kwa macho yake kabla haijabeba wageni tena. Vivyo hivyo kama kuna malengelenge chini ya mstari wa maji, au nyufa karibu na ubao wa nyuma unaobeba mashine.

Mlio ukiwa mkavu kote, endelea. Mchanganyiko uliobaki bila hadina uweke kwenye kopo la bati lililofungwa vizuri, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani kwako, ukiwa umeandika juu yake tarehe na uzito wa kila kiungo. Utadumu miezi michache tu katika joto letu, na ukiona umeanza kuwa mzito kama uji wa jana, utupe na uchanganye mwingine kwa daftari lako.